Muhogo Uliojiotea

Fungeni vitabu. Wekeni mapajani, mtulie, na mtu asitazame saa. Leo nataka kuwapeleka shambani, na najua wengine mtakasirika kabla hatujarudi. Kasirikeni tu. Mchungaji anayeogopa kununiwa afadhali akauze nazi.

Palikuwa na ukoo mmoja ulioishi kwenye mteremko, na chini yake kulikuwa na shamba kubwa la mkonge. Walikuwa watu wa heshima zao, wachapakazi, na walikuwa na muhogo wao. Sikilizeni vizuri: nimesema muhogo, sikusema mihogo. Mteremko mzima ulikuwa kijani kutoka juu mpaka kwenye kijito, lakini wote ule ulikuwa muhogo mmoja. Babu mkubwa alikuja nao zamani. Mtamu, mweupe, ukiuchemsha unapasuka wenyewe kwenye sufuria. Wakauita Kibabu. Na namna ya kuuzidisha mnaijua, hakuna asiyeijua humu ndani: unakata shina, unatoa pingili, unazichomeka ardhini, zinaota. Pingili haina baba. Inatoka kwenye mwili wa mama yake na inakuwa mama yake yule yule, tamu kama yeye, nyeupe kama yeye, na kama mama ana udhaifu fulani, nayo inao. Migomba tunaipanda hivyo hivyo, na miwa, na tangawizi, na huo mkonge wenyewe huko chini.

Mila ya ukoo ule ilikuwa hivi. Kijana akioa, baba yake anaingia shambani, anakata mzigo wa pingili za Kibabu, na bibi harusi anajitwisha kichwani kwenda kuupanda kwenye shamba lake jipya, watu wakimsindikiza kwa vigelegele. Mwanamke hakuhesabiwa ameolewa mpaka huo mzigo uote. Na palikuwa na mwiko mmoja: muhogo uliojiotea wenyewe kutokana na mbegu, ng'oa. Maana muhogo nao unatoa maua, jamani, ingawa hatuna muda wa kuyatazama. Nyuki wanayapitia, na nyuki hajui mipaka ya ukoo. Alikuwa anaanzia kwenye vishamba vya wafanyakazi wa kambini, watu waliokuja kutoka mbali kukata mkonge, wenye mihogo yao ya kwao, michungu, na anabeba vumbi la yale maua miguuni, anakuja kulipangusia kwenye maua ya Kibabu. Tunda linakauka, linapasuka, mbegu inaruka, mvua ikinyesha mche unatokea. Mche huo una mama na una baba. Mama ni Kibabu. Na baba, mbona mnainamisha vichwa, baba ni muhogo wa kambini.

Sasa, katika ukoo ule kulikuwa na mjane. Tumpe jina, maana mtu asiye na jina tunamwonea haraka. Tumwite Mama Mbelwa. Alikuwa amejitwisha mzigo wake wa pingili kama wenzake, akapanda, ukaota, akazaa, akalea. Kisha mumewe akafariki katikati ya mvua. Mama Mbelwa akakaa matanga, na wakati yeye analia ndani, shamba nalo likaota linavyotaka. Aliporudi na jembe lake alikuta miche ya mbegu imejaa pembeni, kwenye mpaka wa chini unaotazama kambi.

Akaanza kung'oa, kama alivyofundishwa. Aling'oa sehemu kubwa tu. Ndipo akaja shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, Mzee Kihiyo, akasimama ukingoni mikono nyuma. Huyu ndiye aliyechagua pa kuchimba kaburi. Ndiye aliyeamua mbuzi yupi achinjwe, na ndiye aliyemwambia Mama Mbelwa kwamba sasa imetosha, anyamaze. Leo naye akaanza: na ule pale, shemeji. Na ule nyuma yako. Na ule mwingine umeupita.

Mama Mbelwa akanyoosha mgongo. Akautazama ule mche aliokuwa ameshaushika shingoni, akauachia. Akachukua jembe lake, akaenda nyumbani.

Msimpambe kwa sifa asizokuwa nazo. Hakuwa na elimu yoyote ya mihogo, na hakuna malaika aliyemtokea. Ulikuwa ukaidi mtupu, na machungu ya msiba yalikuwa bado yamemjaa kifuani. Alichoka kuambiwa ng'oa.

Mnadhani ile miche ikamlipa wema wake hapo hapo? Thubutu. Hapo ndipo mbegu inapoachana na pingili. Pingili mia zinakupa muhogo mmoja mara mia. Mbegu haikuahidi kitu. Miche ile ilikuwa ya mama mmoja, na hakuna miwili iliyofanana. Wewe mwenye watoto wa tumbo lako unajua ninachosema: mmoja mpole, mmoja kichwa maji, mmoja hujui umemtoa wapi huyo. Wakati wa kuchimba ulipofika, mmoja ulikuwa mrefu kama nguzo na chini hauna kitu. Mwingine ulikuwa na kamzizi kama kidole cha mtoto. Mwingine aliutafuna, akatema, akasukutua kinywa, na uchungu bado upo. Wanawake wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, na yeye akacheka nao, kisha alipofika jikoni kwake akalia kwa aibu. Hata hivyo ile iliyoonekana kidogo kuwa na nafuu aliikata pingili, akazichomeka pale pale pembeni, mistari mifupi mifupi, pingili za kila mche kwenye mstari wake. Mbegu ilikuwa imemletea kitu kipya, na pingili ndiyo ya kukizidisha, alilijua hilo kama kila mkulima.

Habari ikamfikia Mzee Kihiyo kwamba mjane hakuiacha tu ile miche, sasa anaipanda. Akaita kikao cha ukoo. Mama Mbelwa akaambiwa akae mkekani, asikilize. Wakazungumza kwa muda mrefu juu ya jina la babu, juu ya utamu wa Kibabu, juu ya watu wa kambini ambao hata makaburi ya bibi zao hawayajui yalipo. Mwishowe Mzee Kihiyo akasema neno ambalo kila mtu alikuwa analisubiri.

"Shemeji, shamba lile ni la ukoo. Tulikupa kwa sababu ya ndugu yetu, na ndugu yetu hayupo. Uing'oe hiyo takataka ya kambini, au tutamtafuta wa kulilima."

Hebu jiwekeni mahali pake. Wazazi wake walishazikwa. Kaka yake ana watoto wengi wanaolala chumba kimoja. Shamba lile ndilo lililokuwa linampa yeye na wanawe ugali wa asubuhi na wa jioni, hana jingine, wala hana kazi nyingine anayoijua. Akilikosa, anakwenda wapi? Aliogopa, nawaambia. Lakini hakujibu ndiyo wala hapana, alisema amesikia, akaaga, na alipofika shambani akang'oa mistari iliyo michungu kabisa ili waone ameng'oa kitu. Iliyobaki akaiacha.

Msimu uliofuata ukaja ugonjwa.

Ulikuja kimya. Majani yalifanya madoa ya njano kidogo, na watu wakasema ni jua. Shina zima, majani yapo, ukitazama kwa mbali unasema Kibabu mwaka huu amependeza. Lakini mwanamke akichimba, akiweka kwenye ubao na kukata, ndani kuna michirizi ya kahawia, mizizi imekauka kama gome na inanuka. Akachimba wa pili, hivyo hivyo. Jirani akachimba wake, hivyo hivyo. Na kwa nini ingekuwa tofauti? Ulikuwa muhogo mmoja. Kilichomshinda mmoja kiliwashinda wote, kutoka juu ya mteremko mpaka kijitoni, maana wote walikuwa na mwili ule ule na udhaifu ule ule.

Mzee Kihiyo hakukaa bure, tumpe haki yake. Alikwenda mwenyewe kwa ndugu zao ng'ambo ya kilima, ambako Kibabu alikuwa bado kijani, akarudi na mizigo ya pingili, akawagawia watu wote, wakapanda kwa nyimbo. Lakini ugonjwa ule hukaa ndani ya shina. Pingili za ng'ambo zilikuwa nao tayari, haujajionyesha tu. Basi watu wale walikuwa wanaupanda ugonjwa kwa mikono yao wenyewe, mstari kwa mstari, na kuupalilia. Waliporudi kuchimba walilia. Siku zile mtu alikuwa akikoroga uji wa maji matupu ili sufuria isikike inachemka, watoto wasinzie.

Na watu wenye njaa wanatafuta nini? Wanatafuta wa kumlaumu. Ikasemwa ugonjwa umetoka pembeni, kwenye ile mihogo ya mjane, umepanda mteremko kutoka kambini. Asubuhi moja Mzee Kihiyo akashuka na wanaume wa ukoo, mapanga mkononi, kuja kufyeka. Walimkuta Mama Mbelwa yupo. Alikuwa amekaa chini kabisa, katikati ya mistari yake, miguu ameinyoosha kama mtu anayechambua mchele. Shemeji yake akamwambia ainuke, asiwatie watu dhambini.

"Shemeji," akasema bila kuinuka, "niliingia hapa na pingili kichwani, mkanipigia vigelegele. Kutoka, nitatoka nimebebwa. Kama mmekuja kunibeba, mmekuja wachache."

Wakasimama. Nani anataka jina la mtu aliyemburura mjane wa ndugu yake kwenye udongo? Mmoja akajifanya ana kikohozi, mwingine akakumbuka ng'ombe wake, wakaondoka kidogo kidogo mpaka akabaki Mzee Kihiyo na panga lake. Naye akaondoka, ila aliapa kwamba atarudi.

Alipobaki peke yake Mama Mbelwa alianza kuchimba. Hakuwa jasiri wakati ule, alikuwa anatafuta chakula. Kibabu wake mwenyewe alikuwa ameshaoza, shamba zima. Akachimba mstari wa kwanza wa pembeni: michirizi. Akachimba wa pili: michirizi. Mimi sitawadanganya kwamba kila kinachotoka kwenye mbegu kinapona. Mingi ilioza kama Kibabu, maana ilikuwa watoto wake. Akaenda mstari hadi mstari, na kila alipokata alisema moyoni kwamba Kihiyo alikuwa na haki, amewaponza wanawe kwa kiburi. Mpaka mstari mmoja wa mwisho karibu na mpaka, wenye mashina mekundu mekundu na majani membamba. Akachimba. Akakata. Ndani mweupe. Akachimba wa pembeni yake, mweupe. Akaketi na ule muhogo mapajani, akalia kwa sauti, na safari hii hakuona aibu. Akauchoma hapo hapo kwenye vijiti. Mwishoni mwa kuutafuna una uchungu kidogo, wa upande wa baba. Lakini unashibisha, na mtu mwenye njaa hachagui.

Habari ya chakula haifichiki. Ukoo mzima ukashuka. Na Mama Mbelwa, badala ya kuwasimanga, na alikuwa na kila sababu ya kuwasimanga, alikuwa ameshakata mashina, ameshafunga mizigo kwa kamba za mkonge, ameipanga chini. Mzigo wa kwanza akampa Mzee Kihiyo, mkononi, kwa heshima.

Sasa hapa ningekuwa mhubiri wa kupendwa, ningewaambia walikumbatiana, tuimbe, twende nyumbani. Lakini sikilizeni kilichotokea. Mzee Kihiyo akauinua ule mzigo juu, akageuka kwa watu wake, akatangaza kwamba ukoo umepata muhogo. Kuanzia leo, kila shamba huu, na huu tu. Huyu ndiye Kibabu mpya. Na ili asichafuliwe, pembe zote za mashamba zisafishwe, na chochote kitakachojiotea, king'olewe.

Watu wakapiga makofi.

Mnaona? Wakapiga makofi! Udongo wa shamba lililooza haujawatoka kwenye kucha, na tayari wanataka kurudi pale pale. Mama Mbelwa akamwendea shemeji yake, akauchukua ule mzigo kutoka mikononi mwake mbele ya watu wote, akaurudisha chini pamoja na mingine.

"Ule uliowaponya leo ni ule ulioniamuru wewe niung'oe jana," akamwambia. "Ugonjwa mwingine ukija, wewe hujui ni upi utakaosimama, na mimi sijui. Anayetaka mzigo wangu, pembeni mwa shamba lake aache mbegu ziote."

"Na ikitoka michungu?"

"Itatoka michungu mingi, shemeji. Tutaitema."

Waliokuwa na watoto nyumbani hawakubishana, walikubali sharti, wakajitwisha mizigo. Mzee Kihiyo alipanda mteremko mikono mitupu, shingo ngumu. Jioni yake mkewe akashuka peke yake, akaomba mzigo, akakubali sharti kwa niaba ya nyumba nzima.

Ndugu zangu, Kibabu ni sisi.

Msinielewe vibaya, siidharau pingili. Pingili ni haraka, ni ya uhakika, unajua utakachokula. Tulichorithi kwa wazee wetu tulikirithi hivyo, sala ile ile, nyimbo zile zile, na ninamshukuru Mungu kwa kila moja. Lakini Muumba angeweza kutuzidisha sisi hivyo hivyo, akate kidole cha baba, akichomeke ardhini, atoke baba mwingine, na mwingine, mpaka dunia ijae baba yako. Hakutaka. Aliagiza wawili wakutane, kila mmoja alete nusu yake, na kila mtoto anayelia kwa mara ya kwanza awe mtu ambaye hajapata kuwapo tangu dunia iumbwe. Ni njia ya taabu. Inahitaji kutafutana, inahitaji kuoana, na hujui utapata nini. Ndiyo aliyoichagua kwa mahindi, kwa kuku, kwa mbuzi, na kwa wewe uliyekaa hapo. Sasa wewe ni nani wa kumwambia amekosea?

Maana sisi tumemwambia. Tena humu humu. Tumefanya kanisa liwe la pingili. Mzee wa kanisa ni mtoto wa mzee wa kanisa. Mwimbaji ni mtoto wa mwimbaji. Anayetoka kambini tunampokea vizuri sana, tunampa mkono, na tunamwonyesha benchi la nyuma karibu na mlango. Halafu tunashangaa mbona vijana wanaondoka, mbona tukipatwa na jambo moja tunaanguka wote siku moja. Tunakwenda ng'ambo ya kilima kutafuta watu kama sisi, tunawaleta, tunapanda tena kwa nyimbo. Na huyo Kibabu tunayejivunia, mnadhani alianza kama nini? Mahali fulani, kabla ya babu yetu kumwokota, alikuwa mche uliojiotea ukingoni mwa shamba la mtu.

Juzi baraza la wazee lilinitaka niliweke pembeni tangazo moja la ndoa. Nikauliza binti ana kosa gani. Hana. Nikauliza hajabatizwa? Amebatizwa, na mimi ndiye niliyembatiza. Nikaambiwa babu yake alikuja kukata mkonge, hatujui kwao ni wapi, tutachanganya watu. Nikaambiwa nilifikirie. Nimelifikiria.

Natangaza ndoa kati ya Yonazi Shemndolwa, kijana wa usharika huu, na Anyosisye Mwasomola, binti wa usharika huu huu. Mwenye sababu ya haki ya kuizuia asimame aiseme sasa, mbele yetu sote, siyo barazani, siyo nyuma ya kanisa.

Naona umesimama, mzee wangu. Vizuri. Tunakusikiliza. Kosa lake ni lipi?

Tunakusikiliza, mzee.

Basi keti, baba, keti, utachoka. Na wewe uliye huko nyuma karibu na mlango, binti yangu Anyosisye, inuka wewe sasa. Inuka, uje hapa mbele, watu wakuone.